Mifupa ya kigasha ya binti yangu imeungana tangu kuzaliwa: akandwe, apasuliwe au aachwe?

mama_mkwakwani ameuliza:

Assalamu alaykum na habari zenu nyote. Nina binti wa miaka 4 ambaye hawezi kugeuza viganja vyake vikatazama juu. Viwiko vyake vinakunjika na kunyooka vizuri, vidole vina nguvu, anabeba kindoo chake cha maji na kucheza na wenzake bila kulalamika maumivu yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetambua tatizo mapema. Aliyetambua ni ustadhi wake wa chuoni, ambaye alitueleza kwamba watoto wanapoinua mikono kuomba dua, wenzake hufungua viganja naye huonyesha migongo ya mikono.

Tangu hapo nimekuwa nikimwangalia kwa makini. Ukimpa karanga hafungui kiganja, bali anasogeza kiwiko mbele ya tumbo, anainamisha bega na kupinda kiuno, ndipo kiganja kinapolala upande na karanga nusu zinaanguka. Wali anapendelea kuula kwa kijiko, kwa kuwa tonge likiwa mkononi humwagika kabla ya kufika mdomoni. Kunawa uso ni kazi kubwa kwake.

Picha ya eksirei ilionyesha kuwa mifupa miwili ya kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) imeshikana karibu na kiwiko katika mikono yote miwili, na mkono wa kushoto ndio uliogeukia chini zaidi. Tumepewa barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Wakati tunasubiri, kila mtu ana lake. Mama mkwe wangu anataka tumpeleke kwa mkandaji anayesifiwa kwa kunyoosha viungo. Daktari mmoja tuliyemwendea kwa faragha alisema mifupa itenganishwe kwa msumeno na mtoto atageuza mikono kama watu wote. Baba yake anasema tumwache alivyo. Nami nina ujauzito wa pili, hivyo usiku nalala nikijiuliza kama kuna nililokosea katika ule wa kwanza na kama huyu anayekuja atakuwa hivyohivyo. Naomba mwenye ujuzi au aliyepitia hali hii anieleze.

dkt_viungo amejibu:

Wa alaykum salaam mama, na pole kwa mashaka hayo. Mimi ni daktari wa mifupa. Hali ya binti yako ni adimu. Katika maandishi ya kitabibu ya dunia nzima wagonjwa walioripotiwa ni mia kadhaa tu, ingawa Sandifort alikwisha kuieleza mwaka 1793. Kwa hiyo si ajabu kwamba uliowauliza wamekupa majibu yanayopingana, kwani baadhi yao huenda hawajawahi kumwona mtoto mwingine wa aina hii.

Niruhusu nianze na jinsi mkono unavyofanya kazi, maana maswali yako yote yanajibika hapo. Kigasha kina mifupa miwili, radiasi upande wa kidole gumba na ulna upande wa kidole cha mwisho. Kiwiko chenyewe hufanya kazi kama bawaba ya mlango, yaani hukunja na kukunjua tu, na ndiyo maana binti yako anakunja mkono bila shida. Kugeuza kiganja ni kazi nyingine kabisa: ulna hutulia mahali pake, radiasi huviringika na kuivuka, na kiganja hufuata radiasi inakoelekea. Mtu asiye na tatizo hugeuza kiganja karibu nyuzi 80 kwenda juu na karibu nyuzi hizohizo kwenda chini. Mifupa hiyo miwili ikishikana hata kwa sentimita chache tu, radiasi haiwezi tena kuviringika, na mkono hubaki katika mkao mmoja maisha yote.

Mtoto anapoumbwa tumboni, radiasi na ulna huanza kama kipande kimoja cha gegedu, yaani tishu laini inayotangulia mfupa. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ya mimba kipande hicho hugawanyika kuanzia upande wa kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko. Mgawanyiko ukikatika njiani, sehemu ya juu hubaki imeungana, kwanza kwa gegedu na baadaye kwa mfupa kamili. Hii ndiyo sababu muungano huwa karibu na kiwiko, na kwa kuwa katika wiki hizo mikono ya kijusi huwa imegeukia ndani, viganja vya watoto hawa huganda vikitazama chini. Zaidi ya nusu ya watoto wenye hali hii huwa nayo katika mikono yote miwili, kama binti yako.

Sasa tazama wiki zenyewe, mama. Katika wiki ya 5 wanawake wengi hawajajua hata kama wameshika mimba. Kubeba mizigo, kulalia upande, kugombana na mtu au kula chakula fulani hakuunganishi mifupa. Usijibebeshe lawama hiyo.

Kuhusu kukanda, nasema kwa msisitizo kwamba asikandwe kwa nia ya kugeuza mkono. Mkandaji mwaminifu anaweza kusaidia misuli iliyochoka, lakini hapa hakuna kiungo kilichokaza. Kuna mfupa mmoja mahali palipotakiwa kuwa miwili. Anayeusokota kwa nguvu ataumiza kifundo cha mkono au kiwiko, au atauvunja mfupa. Heshima ya bibi yake inabaki palepale. Mwonyeshe picha ya eksirei, mpitishe kidole chake pale mifupa inapoonekana kuwa kitu kimoja, na nina hakika ataelewa.

Kuhusu kutenganisha kwa msumeno, wazo hilo limejaribiwa kwa miaka mingi na matokeo yake yamekuwa mabaya, kwa kuwa mfupa huota tena katika nafasi iliyokatwa na misuli ya kugeuza mkono mara nyingi ni dhaifu au imepungua tangu awali. Mwaka 1998 Kanaya na wenzake nchini Japani walieleza njia ya kutenganisha mifupa na kujaza katikati kipande cha mafuta chenye mshipa wake wa damu ili mfupa usiote tena. Ni upasuaji mgumu wa mikono michache duniani, unaohitaji hadubini na kuunganisha mishipa midogo mno, wala haumrudishii mtoto mzunguko kamili. Daktari anayekuahidi kwamba atageuza mikono kama watu wote anaahidi kisichopatikana.

Upasuaji unaofanyika zaidi hautenganishi chochote. Mfupa hukatwa, mkono hugeuzwa kutoka mkao mbaya hadi mkao unaofaa zaidi, kisha huachwa uunge hapo. Baada ya hapo mkono bado haugeuki, ila umeganda mahali penye manufaa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa Dar es Salaam ni hili: mkono umeganda kwa nyuzi ngapi, na kwa nyuzi hizo mtoto anashindwa nini? Simmons na wenzake, katika maandishi yao ya mwaka 1983, waliona kwamba mkono uliogeukia chini kwa zaidi ya nyuzi 60 ndio wenye sababu nzito ya kupasuliwa, na ule ulio chini ya nyuzi 15 au 20 kwa kawaida huachwa. Katikati ya hapo ni suala la mashauriano.

Hakikisha tu kipimo kinachukuliwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kutazama mifupa miwili inayochomoza pande zake, na si kwenye vidole. Watoto hawa hulegea sana katika kifundo, na kifundo kilicholegea humdanganya mpimaji kwamba kigasha kinageuka.

Jambo la mwisho, kabla hajapangiwa upasuaji wowote, aombewe kipimo cha picha kamili ya damu na asikilizwe moyo. Watoto wengi wenye hali hii hawana tatizo lingine, lakini wapo wachache ambao muungano huu huambatana na upungufu wa chembe sahani zinazogandisha damu, na mabadiliko katika jeni iitwayo HOXA11 ni moja ya sababu zinazojulikana. Kama binti yako hupata michubuko ovyo au hutoka damu puani mara kwa mara, mweleze daktari siku ya kwanza. Kwa wavulana huwa tunafikiria pia kromosomu X ya ziada.

mwalimu_wa_hisabati amejibu:

Mama, mimi nina umri wa miaka arobaini na kitu, mikono yangu yote miwili iko kama ya binti yako na sijawahi kupasuliwa. Nafundisha sekondari, naandika ubaoni, napiga chapa kwenye kompyuta bila tabu, kwa sababu kazi hiyo inataka viganja vitazame chini na vyangu viko tayari. Bisibisi naizungusha kwa bega. Funguo vilevile.

Ninachotaka uelewe ni kwamba mtu aliyezaliwa hivi hajioni amepungukiwa hadi wengine wamwambie. Mwili hujifunza wenyewe kutumia bega na kifundo, na mtoto hajui kwamba kuna njia nyingine. Kilichoniumiza zaidi utotoni ni adabu. Kwetu mdogo hupokea kitu cha mkubwa kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, nami nilipokuwa nikipokea kwa mkono uliolala kifudifudi, wakubwa walidhani nina dharau. Mama yangu alichukua hatua ambayo mpaka leo namshukuru: aliwafuata walimu, majirani na ndugu mmoja mmoja na kuwaeleza, mbele yangu na bila kunong'ona, kwamba mifupa yangu imeumbwa hivi. Akanifundisha kupokea kwa kushika kitu kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukigusa kigasha cha kulia. Kila mtu huielewa ishara hiyo, na haihitaji kiganja kufunguka.

Kuhusu dua, ustadhi wangu alinikalisha mikono juu ya mapaja na kusema inatosha. Kwa udhu, maji ya kuteka kwenye beseni yalinishinda, lakini birika au kopo la kumiminia hutatua nusu ya tatizo: anamimina kwa mkono mmoja na kupokea kwa ubavu wa mwingine. Kwa uso, kitambaa kilicholowa.

Simkatazi mtu upasuaji. Mimi mkono wangu wa kulia haukugeukia chini kupita kiasi, na pengine ungegeuka zaidi ningesema mengine. Cleary na Omer, ambao mpangilio wao wa aina nne za hali hii madaktari wanautumia tangu mwaka 1985, walichunguza watu wenye mikono kama yetu na kukuta wengi wao wanazimudu shughuli zao. Tena kiasi cha mkono kugeuka hakikulingana na ugumu ambao watu wenyewe waliueleza. Baba yake ana hoja, msimpuuze.

mama_wa_kijana amejibu:

Nasalimu kutoka Nairobi. Mwanangu alipasuliwa mkono wa kushoto akiwa na miaka 5, kwa hivyo nitaeleza nilichokiona, maana maneno ya daktari hapo juu ni sahihi lakini mzazi anahitaji kujua usiku wa kwanza ulivyo.

Mkono wake uliganda ukiwa umepinduka kiasi kwamba kidole gumba kilitazama chini, na kushika bakuli ilikuwa haiwezekani kabisa. Daktari alikata mfupa, akaugeuza hadi kiganja kikatazama ubavuni kama mtu anayetaka kupeana mkono, akaushikilia kwa nyaya nyembamba za chuma na kumfunga plasta iliyoachwa wazi upande mmoja ili mkono upate nafasi ya kuvimba. Usiku ule wauguzi walikuja mara kwa mara kumwambia achezeshe vidole, wakabonyeza kucha kuona damu inarudi, na wakaniagiza nipige kelele akilia maumivu yasiyotulizwa na dawa au vidole vikipoa. Nilielezwa kwamba unapoupinda mkono ghafla, misuli na mishipa hupindwa pia, na uvimbe ukifungiwa ndani unaweza kuua misuli kwa saa chache. Hatari nyingine ni neva ya kunyanyua vidole kuvutika. Kadiri mkono unavyogeuzwa kwa nyuzi nyingi kwa mara moja, ndivyo hatari hizi zinavyoongezeka.

Kwetu, alhamdulillahi, yote yalipita salama, plasta ikatolewa mfupa ulipounga. Mkono wake haugeuki hata leo. Watu huniuliza kwa nini basi alipasuliwa, nami huwaonyesha anavyoshika sahani ya chakula peke yake. Kwa hiyo dada yangu, ukikubali upasuaji, ukubali ukijua unachokipata, na uhakikishe mtoto atalala hospitalini penye watu wa kumwangalia usiku kucha.

utengamao_pwani amejibu:

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nakubaliana na waliotangulia, lakini kuna jambo moja ambalo limesemwa kwa kuzungukwa nami nitalisema waziwazi kwa sababu ndilo huamua mambo mengi katika familia zetu.

Madodoso mengi ya kupima uwezo wa mikono yalitungwa kwa ajili ya watu wanaokula kwa uma na kujifuta kwa karatasi. Sisi tunakula kwa mkono wa kulia na kujisafisha chooni kwa maji kwa mkono wa kushoto, na mikono hii miwili haibadilishani kazi. Binti yako mkono wa kushoto ndio ulioganda vibaya zaidi. Leo unamsafisha wewe, hivyo huoni tatizo, lakini akianza shule atakwenda chooni peke yake. Mwangalie kwa stara, mjaribishe na kopo, uone kama kiganja cha kushoto kinafika kinapotakiwa kufika. Kama hakifiki hata kwa kuinama na kuzungusha bega, basi hiyo ni sababu ya kweli ya upasuaji, yenye uzito kuliko karanga na dua, na ni lazima imfikie daktari kwa kinywa chako, kwa kuwa pengine hataiuliza. Nimewaona wazazi wakitoka kliniki bila kuitaja kwa aibu.

Kabla ya siku ya miadi, mrekodi kwa simu akila tonge, akinawa uso, akifunga vifungo, akishika kikombe na bakuli, akichana nywele. Mtoto akiingia kwenye chumba cha daktari huficha mikono au hukataa kufanya chochote, na picha za nyumbani zitaonyesha ukweli. Mazoezi ya kunyoosha kigasha hayana faida. Yenye faida ni ya kuimarisha bega na misuli ya nyuma ya bega, kwa sababu hilo ndilo linalobeba kazi ya kigasha, na kifundo kilicholegea kisivutwevutwe zaidi.

Kwa rufaa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na CCBRT zote za Dar es Salaam zinashughulika na mifupa ya watoto, na kwa walio kaskazini ipo KCMC ya Moshi.

mama_mkwakwani ameandika tena:

Mungu awalipe kheri nyote. Jana nilimjaribisha kama utengamao_pwani alivyoeleza, na kwa mkono wa kushoto hakufika. Bibi yake ameiona picha ya eksirei na amekubali asikandwe. Nina maswali mawili yaliyobaki: kama mikono yote miwili itahitaji kupasuliwa, hufanywa pamoja? Na huyu aliye tumboni anaweza kuonekana kwenye ultrasaundi?

dkt_viungo amejibu:

Hilo la mkono wa kushoto liandike juu kabisa katika karatasi utakayokwenda nayo.

Madaktari wengi hawapendi kupasua mikono yote miwili kwa pamoja, kwa kuwa mtoto hubaki bila mkono wa kumsaidia kwa wiki kadhaa, na uvimbe wa mikono miwili ni vigumu kuufuatilia. Huanza na ule ulioganda vibaya zaidi, kisha husubiri waone maisha yanavyokwenda. Mara nyingi mkono wa pili huachwa. Kwa binti yako, ikiwa wa kulia haukugeukia chini kupita kiasi, huenda ukabaki kwa kazi za kuandika na kushika kalamu, na kijiko kikaendelea kumsaidia kula. Umri wake ni mzuri, maana wapasuaji wengi hupendelea kabla ya kuanza shule au miaka ya mwanzo ya shule, wakati mfupa unaunga haraka na mtoto anajizoesha upesi mkao mpya. Hata hivyo hali hii si ya dharura, na kuchelewa kwa miezi michache hakutamdhuru.

Kuhusu aliye tumboni, ultrasaundi ya kawaida huwa haiioni. Watoto wengi wenye hali hii ndio pekee katika familia zao, lakini ziko familia ambazo hurithishana kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mtoto, na katika miaka ya karibuni mabadiliko ya jeni ya SMAD6 yamegunduliwa kwa baadhi yao. Kwa hiyo jipimeni ninyi wazazi kwanza: kaeni, banieni viwiko mbavuni, vikunjwe kwa pembe mraba, kisha geuzeni viganja juu na chini. Wapo watu wazima ambao hugundua wana hali hii kwa namna hiyohiyo baada ya mtoto wao kugunduliwa. Mwanao akizaliwa, mkunje kiwiko taratibu akiwa ametulia na umgeuze kiganja kwa vidole viwili bila kulazimisha. Kikigeuka kwa urahisi pande zote mbili, hana tatizo hili. Kisipogeuka, mwambieni mkunga na mje naye kliniki, bila haraka na bila kumkanda.